Kama kaburi ndio mwisho, bado ungemtii Mungu? Gorogoro imeninyima usingizi

Nyar Kendu ameuliza:

Hamjambo nyote. Mimi nauza nafaka na omena hapa Kibuye, Kisumu, huu ni mwaka wa 17. Nina jambo nataka tulizungumze, ila tafadhali msinitumie mahubiri. Ninayo ya kutosha nyumbani.

Wiki mbili zilizopita gorogoro yangu ya siku nyingi, ule mkebe wa kupimia nafaka, ilitobolewa na kutu, nikanunua nyingine kwa kijana anayepitisha mikebe sokoni. Jioni mwanangu, yuko kidato cha tatu, akaishika, akaigeuza, akaanza kucheka. Chini imesukumwa ndani. Wala si kwa kuanguka. Imegongwa polepole, mviringo safi kama kisahani. Ukiijaza mahindi ukapitisha kijiti juu, mteja anaona imejaa pomoni, mnaagana kwa amani. Tukaziba kitundu cha ile nzee kwa sabuni ya kipande, tukaijaza maji, tukamimina kwenye mpya. Mpya ikafurika, na kwenye nzee yakabaki ya kujaza kikombe cha chai.

Huyu mtoto anapenda hesabu kuliko ugali. Gunia la kilo 90 linanipa gorogoro 40 na kitu. Kwa hii mpya nitapata 44, pengine 45. Nne za bure kwa kila gunia. Gorogoro ikiwa shilingi 150 hizo ni 600, na wiki ikiwa nzuri mimi nafungua magunia matano. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Mama, kama hakungekuwa na ufufuo, si ungetumia tu hii?"

Nikamwambia hapana, hata kidogo. Nikachukua jiwe na nyundo nikaisukuma chini yake irudi, ingawa haikukaa sawa. Hadi leo ukiiweka mezani inayumba. Lakini usiku nikajishtukia. Jibu lilitoka haraka mno, kama mtu aliyeulizwa na polisi.

Kwetu ni Kendu Bay, upande wa Gendia, pale misheni ya Wasabato ilipoanzia mwaka 1906. Nimezaliwa humo. Sisi tunaamini aliyekufa amelala, hajui neno lolote, mpaka parapanda ilie. Mama yangu amelala hivyo tangu 2011, na kila nikienda dala, yaani nyumbani, kupalilia kaburi lake namwambia tutaonana. Sasa toa hiyo tutaonana. Sema Mungu yuko vilevile, ziwa ni lake na omena iliyomo, amri ni zilezile, ila ukifa umekwisha, wewe na aliyekupunja. Ningehangaika na nyundo usiku?

Kila mtu ajibu ya moyo wake, si ya jirani.

Boda wa Kondele amejibu:

Mimi nitasema ukweli, mama. Jumapili ningelala hadi saa tano, na sadaka ningenunulia tairi la nyuma.

Lakini kuna siku abiria alisahau simu kwenye pikipiki yangu. Simu nzuri. Nilikuwa na deni la mwenye nyumba, na kusema kweli nilishaanza kutafuta pini ya kutoa laini. Ikalia. Jina lililotokea ni "Kitinda Mimba". Utaizimaje simu kama hiyo? Nikairudisha mpaka Nyalenda, kwa mafuta yangu. Mbinguni haikunipitia akilini, wala jehanamu. Sijui hiyo unaiweka upande gani.

Mwalimu wa Lurambi amejibu:

Dada, mimi nafundisha somo la dini shule ya upili huku Kakamega, na hilo swali kuna watu waliwahi kuishi ndani yake. Masadukayo. Wanafunzi wangu wanawakariri kama maadui wa Yesu tu, basi, wanafunga daftari. Lakini hao hawakuamini ufufuo (Mathayo 22:23, Matendo 23:8), na bado ndio waliokuwa na sauti hekaluni, ukoo wa makuhani wakuu ulikuwa kwao. Asubuhi mwana-kondoo, jioni mwana-kondoo, kila siku ya Mungu, na anayechinja hatarajii kufufuka. Walipotea kwenye historia baada ya Warumi kuliteketeza hekalu mwaka 70.

Na hawakuyatoa hewani. Soma vitabu vitano vya Musa uone malipo yanayotajwa: mvua kwa wakati wake, ghala kujaa, ng'ombe kuzaa, siku nyingi katika nchi. Yote ni ya huku chini. Hata amri ya kuwaheshimu baba na mama imefungwa kwa siku nyingi, haikufungwa kwa mbingu.

Sasa njoo kwa gorogoro yako. Walawi 19:35-36 inakataza kipimo cha uongo, na sababu inayofuata ni moja tu: Mimi ndimi niliyewatoa Misri. Moto hautajwi, taji halitajwi. Ni kama baba anayekukumbusha ni nani aliyekubeba mgongoni mto ukiwa umefurika.

Ila nisikudanganye kwamba Biblia nzima iko upande mmoja. Paulo yuko upande wa mwanao. 1 Wakorintho 15:32: kama wafu hawafufuliwi, na tule na tunywe. Na swali lenyewe ni la zamani kuliko Paulo. Aliyeliuliza kwanza ni Shetani, sura ya kwanza ya Ayubu, alipotaka kujua kama huyo mtu anamcha Mungu bure. Msalimie kijana, umwambie hatumfananishi na yeyote.

Nyar Kendu:

Mwalimu, asante, hiyo ya Walawi nimeisoma mara tatu na sikuwahi kuiona hivyo. Lakini hawa Masadukayo wako walikuwa watu wa kushiba. Nyama ya hekalu, nyumba za Yerusalemu. Aliyekwisha kula hana haraka na chakula cha kesho.

Mimi nina mteja, mjane wa Manyatta. Ananunua nusu gorogoro, na kabla ya kulipa anazihesabu sarafu kwenye kitambaa kana kwamba zinaweza kuongezeka zikihesabiwa upya. Akipunjwa kikombe kimoja kila wiki, miaka yote hiyo, na asijue, na akafa, na hakuna siku ya hesabu, nani atamrudishia? Nilidhani nauliza kuhusu thawabu yangu. Kumbe pia kuna deni lake.

Abu Salim, Kaloleni amejibu:

Assalamu alaikum dada yangu, na wote. Hapo umegusa penyewe. Kwetu kuna sura nzima, ya 83, Al-Mutaffifin, maana yake hasa ni wanaopunja. Inaanza kwa kuwalaani wale ambao wakipimiwa wanataka kamili, wakiwapimia wengine wanapunguza. Na mara tu baada ya hapo inauliza: kwani hawa hawadhani kwamba watafufuliwa? Kwa hiyo mwanao hakukosea kuunganisha mkebe na ufufuo. Vimefungwa kamba moja. Mjane wako ana siku yake.

Ila tunaye pia Rabia wa Basra, karne ya pili ya Hijria, aliyewahi kuwa mtumwa. Inasimuliwa kwamba alionekana akienda mbio, mkono mmoja ameshika moto, mwingine ndoo ya maji. Kuulizwa, akasema anakwenda kuichoma pepo na kuizima jehanamu, ili watu wamwabudu Mungu kwa ajili yake mwenyewe. Huyo angeinyoosha gorogoro yako bila kuuliza.

Nilipokuwa kijana nilitaka sana kuwa Rabia. Ustadhi wetu wa madrasa akacheka, akasema Rabia ni mmoja na soko lina watu elfu, na dini imeteremshwa kwa wote. Akatupa mfano wa wanazuoni: ibada ni ndege, hofu na tumaini ni mabawa yake, mapenzi ni kichwa. Mimi niko Kibuye pia, upande wa viatu vya mitumba. Jumapili, wateja wamejaa, adhana ya adhuhuri inalia na nina mtu anajaribu mguu wa pili. Kinachoninyanyua hapo ni hofu, dada, siwezi kudanganya. Mapenzi yananikuta mbele, nikishatawadha.

Mkazi wa Shabab amejibu:

Nawasoma kutoka Nakuru. Mimi niliacha kuamini miaka tisa iliyopita, sitaeleza kwa nini. Nina kinu cha kusaga na mizani. Maafisa wa vipimo wakija wanakagua, wanapiga muhuri, wanaondoka. Siku nyingine zote ni mimi na mizani tu. Haijawahi kusogezwa. Sina pepo ninayoingoja, na mama zangu wa hapa mtaani wanapata unga wao. Nyinyi mnajisingizia ubaya ambao hamna.

Nyar Kendu:

Ndugu wa Nakuru, nakuamini, na ungekuwa karibu ningekuletea mahindi usage. Lakini wewe unajibu swali la wema. Mimi niliuliza la utii. Kinu chako hakimtii mtu, kinasaga tu vizuri. Sisemi ni kidogo hicho. Nasema ni kitu kingine.

Mkazi wa Shabab:

Haya, basi nitajie jambo moja unalomtii Mungu ambalo hakuna binadamu anayelifaidi. Moja tu.

Kuka wa Kimilili amejibu:

Vijana, mnazungumza kana kwamba kabla ya misheni huku hakukuwa na watu. Wazee wetu Wabukusu walimjua Mungu, wakamwita Wele Khakaba, na hakuna aliyewaahidi mji wa dhahabu. Waliokufa walikuwa karibu, wanarudi kwa majina ya watoto. Marehemu Profesa John Mbiti aliliandika hili mwaka 1969, kwamba jamii nyingi za Kiafrika hazikutarajia hukumu wala thawabu baada ya kifo.

Lakini msikimbilie kusema walitii bure. Ukikosea, mtoto anaugua, wimbi unakaukia shambani, jirani hakuiti kwenye pombe. Malipo yalikuwepo, na yalikuwa ya papo hapo. Wazungu walipokuja wakatuambia yatalipwa baadaye, na sisi tukaona ni jambo kubwa sana. Mimi nimebatizwa, mnielewe. Nasema tu kwamba sijawahi kukutana na mtu aliyeishi bila malipo yoyote, si ya hapa wala ya huko.

Nyar Kendu:

Kuka, umenitoa machozi kidogo, maana umemfufua nyanya yangu. Yeye alikuwa nyachira, mke wa pili. Kwetu Wajaluo mbegu ya kwanza inatiwa ardhini na mikayi, mke mkubwa, ndiyo golo kodhi. Ukimtangulia, chira inakuja, watu wanakonda na kufa. Nyanya wakati huo ameshabatizwa, anashika Sabato, chira ameikana mbele ya kanisa lote. Na bado mvua ikinyesha jembe lake linalala mlangoni mpaka mikayi apande. Kuna mwaka mikayi alikuwa mgonjwa hawezi kusimama. Mvua inapita. Nyanya akamshika kwapani, akamkokota hadi kwenye shamba, wakakaa chini wote wawili kwenye tope, mikayi akadondosha punje tatu nne. Ndipo nyanya akarudi kupanda lake. Nilikuwa na miaka kama tisa, nikamuuliza kama anaogopa chira. Akaniambia, "Ni lake kwanza." Hakuongeza neno.

Sasa ndugu wa Nakuru, umetaka moja. Jumamosi. Gorogoro nikiinyoosha kuna mjane anayenufaika, hilo nakubali halihitaji hata kanisa. Lakini Jumamosi nikifungua kibanda sijampunja mtu. Wateja wangefurahi. Mwanangu angelipiwa karo mapema.

Jumamosi iliyopita lori la omena kutoka Mbita lilifika saa mbili asubuhi, omena kavu, safi, haina mchanga. Dereva alinipigia mara sita. Simu iko kwenye mkoba, mkoba uko kwenye benchi, benchi lote linatetemeka, mama mmoja akanitazama kama nimeleta mbuzi kanisani. Sikuipokea. Na nimejichunguza sana nilichokuwa nikiwaza pale, kwa sababu ya huu mjadala wenu. Sikuwaza parapanda. Hata mama yangu, Mungu anisamehe, sikumuwaza. Niliwaona wale wanawake wawili kwenye tope.

Jumapili nilinunua omena hiyohiyo kwa jirani yangu, tayari ameshaongeza yake juu. Inaniuma bado.

Nimemsomea mwanangu haya yote. Anasema sijajibu swali, kwa sababu ufufuo bado ninao, hata nisipouwaza. Eti mtu mwenye pesa benki haziwazi pia. Nimemwambia akasome kemia.

Boda wa Kondele:

Mama, huyo mtoto mpeleke sheria. Na gorogoro yako inayoyumba, kuna fundi wa mabati karibu na stendi yetu, anainyoosha ukisubiri. Njoo kesho kabla ya saa nne, baadaye anakuwa na masufuria ya watu.