Fundi wa stata, leo umenidhalilisha mbele ya utingo wangu!

Mzee wa Matenga:
Wakuu, naandika nikiwa na grisi mkononi, herufi zikikosewa mtanisamehe.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa chini ya mwembe, ambaye ovaroli yake ikivuliwa inasimama yenyewe.

Canter yangu ni ya mwaka 1994, wengine humu hata hamjazaliwa. Asubuhi ikiwa ya baridi unagusa ufunguo tu, inaitika. Ila ishushe mlima Kitonga, simama ukanywe chai, zima dakika kumi. Ukirudi: tak. Tak moja halafu kimya, kama mdeni aliyesikia hodi. Unageuza tena, tak. Mara ya saba inawaka kana kwamba hamjawahi kugombana.

Nikampelekea huyo bwana. Safari ya kwanza akasema betri. Kapimaje? Kachukua kipande cha waya, kagusanisha hasi na chanya, cheche zikaruka mpaka kuku wakakimbia, akatangaza: "Zimekufa hizi." Gari ni la volti 24, betri mbili. Nikanunua zote mbili, laki tano na nusu ikaondoka. Safari ya pili akasema kaboni, vile vipande vya kupitisha umeme ndani ya stata. Akashusha stata, ile mota ya kuwashia injini, akaiosha kwa petroli, akaipiga msasa, akaweka kaboni mpya. Siku tatu nikawa mfalme wa barabara. Siku ya nne, tak.

Sasa leo. Saa saba mchana, jua la kukaangia mayai, nyuma nina matenga 90 ya nyanya ya kwenda Ilala. Bwana akaingia uvunguni, akaigonga stata kwa spana kama anamfufua maiti, akaniambia piga. Nikapiga. Tak. Akatoka, akajifuta mikono kwa shati langu nililolitundika mlangoni, akanitazama kuanzia kandambili hadi kofia, akasema kwa sauti ya mnada:

"Mzee, gari hili halina tatizo. Leseni ulipata wapi?"

UTINGO WANGU AKACHEKA.

Utingo wangu mimi. Ninayemnunulia chapati mbili na maharage kila asubuhi. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye bodi asianguke. Muuza karanga akacheka. Kuna mbuzi pale, naapa alikuwa anacheka.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria akainama, akavuta ule waya wa ethi, wa kurudishia umeme kwenye betri, unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye gia boksi. Ukamng'okea mkononi! Bolti imejaa kutu na tope la tangu enzi za Mkapa. Akapiga msasa, akakaza, gari likawaka mara moja. Akaomba buku mbili.

Na fundi je? Akakunja mikono, akasema: "Si nilikwambia halina tatizo?"

Utingo akacheka tena.

Spana Kumi na Saba:
Mleta mada, umeibiwa ila umejitakia. Laki tano na nusu za betri unazo, mita ya kupimia umeme ya elfu kumi na tano huna? Ncha moja weka kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mtu apige stata. Gari la volti 24, ikisoma zaidi ya volti 1 hapo, ethi yako ni mgonjwa. Gari la volti 12, nusu volti inatosha kukupa majibu. Betri haikuhusu kabisa.

Binti Ilula:
Matenga 90 yamefika yakiwa nyanya au tomato sosi?

Dereva wa Usiku:
Wakuu tusimwonee fundi. Mzee hajajibu swali. Leseni ulipata wapi?

Mzee wa Matenga:
Nimeipata wewe ukiwa bado unavalishwa viatu. Na siyo hoja! Hoja ni kwamba aliniuliza MBELE YA UTINGO.

Dizeli Chafu:
Ethi sawa, ila msishangilie mapema. Isuzu yangu ilikuwa na ugonjwa huohuo, ikipata joto inagoma. Nimebadilisha ethi, nimebadilisha stata, karibu nibadilishe dini. Kumbe swichi ya ufunguo. Nikapima kwenye waya mdogo wa solenoidi, ile swichi kubwa iliyo kwenye stata, huku mwanangu anageuza ufunguo: zinafika volti 15 badala ya 24. Nikaweka rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo), umeme wa solenoidi ukawa unatoka betri moja kwa moja. Mwaka wa pili huu.

Spana Kumi na Saba:
Yako ni kesi nyingine, mkuu. Ila ukiona stata inaamka baada ya kugongwa, hiyo ni kaboni zimeisha au kontakti za solenoidi zimeungua. Kugonga hakutibu, kunaahirisha. Ya Mzee waliigonga haikuamka, ndiyo maana nasema fundi alikuwa na jibu mbele ya pua yake.

Mzee wa Matenga:
Ahsante! Mbele ya pua yake! Badala yake akaniuliza leseni. Na yule utingo akacheka.

Tandiboi Mstaafu:
Chapati mbili? Iringa hadi Dar, kapakia matenga 90, kafunga turubai, analala juu ya mzigo, kwa chapati MBILI? Mwacheni acheke. Mimi ningegaragara.

Binti Ilula:
Na maharage, mkuu. Usimnyime Mzee maharage yake.

Dereva wa Usiku:
Hahaha mbavu sina. Mzee, matatizo ya ethi yako mawili, moja la gari, la pili la utingo. Mkaze na yeye.

Mama Sare:
Nyie mnalia na stata. Mimi kuna fundi cherehani, simtaji, anayemjua anamjua, nimempa kitenge cha sendofu ya mdogo wangu tangu mwezi wa tatu. Kila nikienda: "Dada, imebaki vifungo." Gauni HALINA VIFUNGO. Nimelichora mwenyewe. Lina zipu!

Dizeli Chafu:
Yule mwenye kibanda cha bluu? Ana suruali yangu ya mahafali. Mtoto aliyehitimu sasa ana mtoto.

Tandiboi Mstaafu:
Seremala wangu ndiyo kiboko. Kabati la milango mitatu, kaleta la miwili, anasema wa tatu "utakuja kuzoea".

Mzee wa Matenga:
Jamani, huu uzi ni wa stata. Naomba ushauri: utingo nimfukuze au nimwache?

Binti Ilula:
Mama Sare, sendofu lini?

Mama Sare:
Jumamosi HII! Jana nimekwenda, kibanda kimefungwa, simu haipatikani.

Dereva wa Usiku:
Mkuu wa sendofu, kitenge ni cha rangi gani?

Mama Sare:
Kijani, kina tausi wakubwa.

Dereva wa Usiku:
Tausi wenye mikia ya njano?

Mama Sare:
Ndiyo!! Umekiona wapi?

Dereva wa Usiku:
Mke wake alikuwa nacho kanisani Jumapili. Kimemkaa vizuri sana, nisiseme uongo.

Mama Sare:
Kanisa gani. Ibada inaanza saa ngapi.

Mzee wa Matenga:
Wakuu? Utingo?