Gurnah na enzi ya Mjerumani: nianze na riwaya ipi?

Mdau wa Pangani: Wakuu, nataka kumsoma Abdulrazak Gurnah kwa ajili ya kipindi cha ukoloni wa Mjerumani. Nianze wapi, na historia gani niijue kwanza?

Rafu ya Juu: Anza na *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (asili yake ni ya 1994). Yusuf, miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Wengi hukwama kwenye msafara wa bara kwa kuwa wanamtafuta Mjerumani kila ukurasa, kumbe kwa muda mrefu ni tetesi tu. Wewe fuata madeni: nani anamdai nani. Kisha soma polepole sehemu ya Chatu, chifu wa huko bara. Anawapokonya watu wa msafara mali, na anayemlazimisha kuirudisha ni Mzungu. Hapo ndipo ubabe wa wafanyabiashara wa pwani unapokatika, tena bila vita.

Bint Makorora: Naafiki. Halafu ndiyo *Afterlives* (2020). Kabla yake pitia Maji Maji, 1905 hadi 1907, na Vita Kuu upande wetu: Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Weka ramani karibu, majeshi yanahama mno.

Mdau wa Pangani: Huyo Hamza wa *Afterlives* ndiye Yusuf wa *Peponi*?

Bint Makorora: Hapana mkuu. Anaanzia tu pale Yusuf anapoishia, kwa askari wa Mjerumani.