Doa la bluu kwenye kamera ya joto: ni bomba linavuja?

mkazi_kigamboni:
Wakuu, habari. Ukuta wa chumbani unaopakana na bafu una doa la upana wa kama sentimita 40. Rangi haijabanduka. Kamera ya joto ya kuchomeka kwenye simu inasoma digrii 26.8 hapo, pembeni 28.1. Tofali ni za saruji, maji yanatoka simtanki la juu. Nibomoe plasta?

fundi_maji:
Usibomoe bado, mkuu. Kamera haioni ndani ya ukuta, inasoma joto la uso wake tu. Palipolowa hupoa kwa sababu maji yanakauka, lakini upepo wa kiyoyozi nao huacha bluu ileile. Zima kiyoyozi kwa muda wa saa mbili, kisha elekeza feni ukutani dakika 15. Doa la maji litazidi kupoa. La kiyoyozi litakuwa limeshafifia. Msimu wa masika usiache hatua ya feni, maana hewa ikijaa unyevu ukuta haukauki na tofauti inakuwa ndogo mno.

Tazama na umbo. Unyevu wa msingi hupanda kutoka sakafuni kama mkanda, kwenye urefu wote wa ukuta. Bomba huacha kiini kimoja kinachotanuka kuelekea chini.

mpima_nyumba:
Naongezea: kwenye kamera, weka mwenyewe mipaka ya kipimo cha rangi isibadilike, mfano digrii 24 hadi 32. Kikiwa cha kujirekebisha, hata nusu digrii inaonekana kama janga. Na usipime vigae vya bafuni ukiwa umesimama mbele yake kabisa, vinaakisi joto la mwili wako. Simama pembeni kidogo.

Ukitaka kuona njia ya bomba, subiri saa tisa alasiri, maji ya simtanki yakiwa yamepata jua. Fungua bomba la bafuni dakika 10. Mstari wa joto utajichora ukutani, na penye uvujaji utavimba.

mkazi_kigamboni:
Feni imelikoza doa. Mstari wa bomba umeonekana, ila unapita mbali na doa.

fundi_maji:
Basi shuku sakafu ya bafu. Kwanza funga koki ya kuingiza maji kwenye simtanki, weka alama ya kina, msitumie maji usiku kucha. Kina kikibaki palepale, mabomba ya maji safi ni mazima. Kisha ziba tundu la kutolea maji, jaza sentimita 3 sakafuni na upige picha kila baada ya saa moja. Doa likikua, maji yanapenya kwenye viungo vya vigae au pembeni ya tundu. Lisipokua, zibua maji yote yatoke kwa mkupuo na upime tena: hapo unajaribu bomba la maji machafu.