Naomba ushauri: beki anayetolewa kwa mkopo kila msimu

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu ni beki wa kati, ana miaka 23. Klabu yake imeshamtoa kwa mkopo mara nne, na dirisha hili la usajili wanataka kumpeleka kwingine tena. Mkataba umebaki mwaka mmoja na nusu.

Kuhamahama kwenyewe amezoea. Tatizo ni kwamba beki anaishi kwa maelewano: ajue kipa anatoka lini, beki mwenzake wa kati anapanda lini, mstari wa kuotea unawekwa wapi. Akishazoeana nao, msimu umeisha. Kuna timu ilimchezesha beki ya kulia miezi mitano, nafasi asiyoiweza. (Na kosa moja la beki hukumbukwa kuliko mechi kumi safi, mnajua wenyewe.)

Wakala anamtuliza kwa mfano wa William Saliba: Arsenal walimsajili 2019, akapitia Saint-Étienne, Nice na Marseille kwa mkopo, ndipo 2022 akaingia kikosi cha kwanza. Mimi namtazama zaidi Fikayo Tomori, aliyetoka Chelsea kwenda AC Milan kwa mkopo Januari 2021, wakamnunua jumla, na 2022 akawa bingwa wa Italia.

Sasa akubali mkopo wa tano, au adai kwanza kipengele cha kununuliwa? Au avumilie hadi miezi sita ya mwisho ya mkataba, ambapo kanuni za FIFA zinamruhusu kusaini na klabu nyingine? Naogopa akigoma ataachwa afanye mazoezi na vijana. Na kwa waliopitia haya, wakala wenu alisimama upande wa nani hasa?