Nimeokoka, nimesamehe, lakini kichwani kesi haiishi. Nifanyeje?

MamaMitumba (Busia):
Bwana asifiwe wapendwa. Mnivumilie, uzi utakuwa mrefu kidogo.

Nauza nguo za mtumba hapa Busia, upande wa Uganda. Nilikuwa na mwenzangu, tunasali kanisa moja, tunaimba kwaya moja, tunachanga hela, mmoja anakwenda soko la Owino, Kampala, kuchukua marobota, tukirudi tunagawana. Kwa kifupi, mchango wa mwisho haukufika Owino. Alisema ameibiwa kwenye teksi. Haukupita muda akafungua kibanda ng'ambo, Busia ya Kenya, na kimejaa mali. Wazee wa kanisa wakatuita, akalia, nikalia, nikatamka mbele yao kwamba nimesamehe. Na sikuwa naigiza.

Shida ni kichwa. Naamka, hata sigiri sijawasha, nimeshaanza kumhoji. Namuuliza, namjibia, namshinda, halafu tunaanza upya. Juzi nilikuwa nakunja jinzi mteja akaniuliza, "Nyabo, unaongea na nani?" Kumbe midomo ilikuwa inatembea. Nikajifanya naimba.

Kila asubuhi nasoma sura nzima ya Biblia. Nikifunga kitabu ukaniuliza nimesoma nini, sina jibu. Warumi 12:2 naijua bila kuangalia, "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu", nimeiandika mpaka nyuma ya simu. Pasta wangu anasema ni roho ya uchungu, nifunge na nije mkesha wa Ijumaa. Nimefunga, nimekesha. Jumamosi asubuhi kesi inaendelea pale ilipoishia.

Mliowahi kupita hapa, hii nia mpya inapatikana vipi kwa vitendo? Au wokovu wangu una kasoro? Na wale wa "omba tu dada", tafadhali, nimeomba.

Baraka_Tororo:
Omba tu dada. Mungu ni mwaminifu.

Kiboko256:
Huyu hakusoma mpaka mwisho 😂

MsemaKweli_Kla:
Mimi si mtu wa kanisa kwa hiyo nitasema kavu. Kichwa chako ni kizima. Umeibiwa, hujalipwa, kinakukumbusha. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, madeni madogo kama hayo linayasikiliza. Ninyi walokole kila kitu mnakigeuza roho. Wazee wa kanisa walikuita ukalia, sawa, hela je? Kuna aliyeuliza hela?

MamaMitumba (Busia):
Hakuna aliyeuliza. Na mimi niliona aibu kuitaja.

Bodaboda_Mbale:
Dada pole sana. Mimi sikudhulumiwa, mimi ilikuwa woga. Baada ya kuanguka na abiria nilikuwa nikishika pikipiki naona ajali kabla haijatokea. Barabara ya maramu ikishachimbwa na magurudumu unajua inavyokuwa, unashika usukani vizuri lakini gurudumu linakurudisha mle mle. Mawazo yangu yalikuwa hivyo. Hulitoi gurudumu kwa kulikemea, unachonga njia nyingine pembeni, unapita hapo kila siku mpaka ile ya zamani iote majani.

Nilichofanya ni kuacha kusoma sura. Sura ni nyingi kwa kichwa kilichochoka. Nilichukua mistari miwili tu, Maombolezo 3:22-23, "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi." Nikaandika kwenye karatasi, nikabandika juu ya tanki. Stejini nikisubiri abiria naisema kwa sauti ndogo. Wenzangu walicheka, wakazoea. Wiki nzima hiyo hiyo, na wiki ya pili kama haijaingia. Yoshua 1:8 inasema kitabu hiki kisiondoke *kinywani* mwako. Wengi tunatafakari kwa macho.

Sasa wewe midomo yako tayari inatembea, mteja ameona mwenyewe. Nusu ya kazi umeshaifanya! Ibadilishie maneno tu.

MamaMitumba (Busia):
Hapo kwenye midomo umenichekesha peke yangu kibandani.

Mtumishi_Elisha:
Shalom. Naona watu wanaanza kudharau mkesha. Efeso 4:26-27 imeandikwa wazi, "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, wala msimpe Ibilisi nafasi." Kwa hiyo uchungu una mlango wa kiroho, na milango ya kiroho haifungwi kwa karatasi kwenye tanki. Dada usikate tamaa, endelea na maombi ya kufunguliwa.

Nesi_Arua:
Mtumishi, kwa heshima. Mwenye mawazo yanayozunguka ukimnyima usingizi na chakula, mara nyingi unayaongezea mafuta. Naliona wodini. Someni 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba afe. Malaika hakumwita mkesha. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akalala tena, akamwamsha tena ale, ndipo safari ya Horebu ikaanza. Maneno ya Mungu mlimani yalikuja baada ya mkate na usingizi.

Mama, nikuulize wewe. Unalala? Unakula? Kuna siku unatamani usingeamka? Kama majibu ni mabaya na hali hiyo imedumu wiki kadhaa, nenda kituo cha afya na useme hivyo hivyo ulivyoandika hapa. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, kwako iliyo karibu ni Mbale. Kwenda hakupunguzi imani yako hata kidogo.

MamaMitumba (Busia):
Asante nesi. Nakula vizuri tu, hata mwili hauonyeshi kama nina shida. Usingizi naupata isipokuwa Ijumaa za mkesha. Kufa hapana, nina watoto. Ni haya mahojiano tu.

DadaPendo_Kasese:
Swali dogo. Bado unaangalia stetasi zake za WhatsApp?

MamaMitumba (Busia):
…Ndiyo. Akiweka nguo mpya nahesabu zinaweza kuwa robota gani na bei gani.

DadaPendo_Kasese:
Basi kila siku unamletea hakimu ushahidi mpya halafu unashangaa kesi haiishi. Zima hizo stetasi leo. Namba usifute kama hutaki, zinyamazishe tu. Wafilipi 4:8 inataja vya kutafakari, mambo ya kweli, ya staha, ya haki, safi. Bei ya robota la mwenzio haimo.

Mzee_Kigezi:
Mwanangu wa Busia, nimesoma yote. Mimi ni mzee wa Kabale, nilizaliwa katika nyumba ya Balokole, wale walokole wa zamani, kwa hiyo nitasema kidogo nilichokiona. Uniwie radhi, wazee hatujui kufupisha.

Kwanza, huyo dada wa Kasese amenukuu vizuri, ila rudi nyuma mistari sita. Wafilipi 4:2, "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Wanawake wawili wa kanisa moja, watenda kazi waliohangaika na Paulo katika Injili, wamekosana. Hatuambiwi kwa nini. Kisha ndipo linakuja lile neno la "yatafakarini hayo". Na mwandishi mwenyewe yuko kifungoni. Watu wanaubandika mstari wa nane ukutani kama ulishuka kwa mtu asiye na maneno na mtu. Uliandikiwa kanisa lenye ugomvi kama wako.

Pili, hiyo Warumi 12 uliyoandika kwenye simu, umeisoma mpaka mwisho wa sura? Watu wengi wanaishia mstari wa pili, wanangoja nia mpya ije kama homa. Paulo anaendelea mpaka mstari wa 21 akionyesha inavyofanya kazi, na sehemu ya mwisho karibu yote ni juu ya watu waliokukosea. "Wabarikini wanaowaudhi." "Msijilipize kisasi." "Adui yako akiwa na njaa, mlishe." Nia inageuka ukiwa unatenda. Ukisubiri kichwa kitulie kwanza ndipo utende, utasubiri sana.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma kwa vijana wa leo, mnapigana peke yenu. Mwaka 1929 Simeon Nsibambi, Mganda wa hapa kwetu, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church pale Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa wamekauka rohoni. Wakakaa siku mbili na Biblia, wawili tu. Uamsho uliokuja kuenea Afrika Mashariki una mizizi pale na kule Gahini, Rwanda. Nilipokuwa mtoto niliwaona wazee wetu kila wiki wakikaa, mmoja anasimama anasema, "Ndugu, wiki hii nimemchukia fulani, nimemsengenya moyoni." Bila mapambo. Waliita kutembea nuruni. Lilikuwa na ubaya wake pia, sitaficha, wengine walitaja dhambi za wenzao badala ya zao, na wengine walijiona watakatifu kuliko kanisa zima. Lakini wazo likishasemwa mbele ya mtu anayekupenda linapoteza nusu ya nguvu. Tafuta mwanamke mmoja. Asiwe wa kwaya hiyo, atakuwa upande wake au upande wako. Kutaneni mara moja kwa wiki, someni pamoja, mwambie kesi imefika wapi.

Na usidhani ni wokovu wako wenye kasoro. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa wakati wa Amin. Askofu wetu hapa Kigezi, Festo Kivengere, akakimbia usiku na mkewe kwa miguu kuvuka milima kwenda Rwanda. Baadaye alieleza waziwazi kwamba chuki juu ya Amin ilikuwa imeanza kumkausha, mpaka Ijumaa Kuu akiwa kanisani London akaona lazima asamehe. Mtu aliyekuwa amehubiri upatanisho miaka na miaka! Naye ilibidi aanze.

Mtumishi_Elisha:
Mzee nimekusikia. Ila bado nasema pepo wapo.

Mzee_Kigezi:
Wapo, mtumishi. Yesu katika Mathayo 12 anasema pepo aliyetoka alirudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa, imepambwa, akaleta wengine saba. Mkesha wako unafagia, sikatai. Nauliza tu nani anahamia Jumamosi.

Mkatoliki_Masaka:
Naomba kuingia ingawa ni mgeni kwenu. Ninyi ndugu zetu mna tabia ya kuruka zaburi za kulalamika, mnaimba za sifa tu. Sisi kwenye Sala ya Kanisa, ile inayosaliwa kila siku kwa saa zake, zaburi zinazunguka karibu zote, na kilio kimo. Dada, chukua Zaburi ya 55. "Bali ni wewe, mtu mwenzangu, rafiki yangu, niliyejuana nawe sana." Mstari unaofuata unasema walikuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Kwaya moja, kama ninyi! Hiyo kesi unayoiendesha kichwani tayari ina maandishi yake, tofauti ni anayesikiliza. Wewe unamwambia yeye ambaye hayupo. Daudi anamwambia Mungu, na akifika mstari wa 22 anasema, "Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza." Hakuanzia hapo. Amelia mistari ishirini na moja kwanza.

Isome polepole, mara nne kama unaweza, usimame penye neno lililokugusa. Usikimbie kumaliza.

MsemaKweli_Kla:
Zaburi sawa. Na hela?

MamaMitumba (Busia):
Wapendwa nimesoma yote, nyingine mara mbili. MsemaKweli usiponiuliza wewe hakuna anayeuliza, asante. Sasa Mzee, nisaidie hapa. Nikisema nidai hela yangu kwa LC1, nitakuwa nimetengua msamaha? Na nikikutana naye njiani, nirudi kuchanga naye kama zamani ndiyo ijulikane nia imefanywa upya? Mume wangu anasema nikirudi kuchanga naye atanishangaa mimi kuliko alivyomshangaa yeye.

Mzee_Kigezi:
Msikilize mumeo. Warumi 12:18 inasema "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Paulo ameweka mpaka hapo. Upande wako ni wako, upande wake ni wake. Yusufu aliwapenda ndugu zake mpaka akatoka kwenda kulia chumbani, lakini aliwajaribu kwanza, Mwanzo 42 mpaka 44, na kikombe akakitia katika gunia la Benyamini aone kama watamwacha mdogo wao kama walivyomwacha yeye. Alikuwa anataka kuona kama watu wamebadilika.

Kudai chako mbele ya wazee wa kijiji si kisasi. Kisasi ni ukitaka aumie hata kama hela imerudi. Jipime hapo. Na kama huwezi kwenda bila hasira, ngoja kwanza, deni haliozi.

Bodaboda_Mbale:
Mzee umenimaliza.

MamaMitumba (Busia):
Basi nimeamua hivi. Stetasi nimeshazinyamazisha, mkono ulikuwa mzito kweli. Sura ya asubuhi naiacha kwanza, nitakaa na Zaburi 55. Kuna mama mmoja anauza ndizi mkabala na mimi, Mwanglikana, tutaanza Jumatano jioni nikifunga kibanda. LC1 nitakwenda, si wiki hii. Mkesha nitauliza pasta kama naweza kuja mpaka saa tano usiku nikalale.

Ila ndugu yangu wa Masaka, leo nimeianza njiani kuja sokoni, nikakwama mstari wa 15. "Mauti na iwapate kwa ghafula." Banange! Na huu nao nisome kwa sauti?

Mkatoliki_Masaka:
Soma. Unamwambia Mungu, humwambii yeye. Ila si sokoni.