Je, mawimbi ya ubongo yanaweza kumchagulia mtu nyimbo za kumkumbusha zamani?

Mwana wa Ng'ambo: Wanajukwaa, salaam. Mama yangu, aliyekulia Unguja na ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka, huchangamka akisikia baadhi ya taarabu za ujana wake, ilhali nyingine za wakati uleule hazimgusi kabisa. Nimesoma kuhusu visikilizio vyenye elektrodi (vipande vidogo vya kunasa umeme) vinavyopima mawimbi ya ubongo, ili programu ichague wimbo unaofuata kulingana na hamu ya zamani iliyoamshwa na uliotangulia. Je, jambo hili lina msingi wa kisayansi?

Msomaji wa Sayansi: Msingi upo. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichunguza kwa mashine ya MRI ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza nyimbo za utotoni na ujanani mwao, akaona kwamba sehemu iliyo nyuma ya paji la uso huitikia zaidi wimbo unapoambatana na kumbukumbu ya maisha ya msikilizaji. Sehemu hiyo huchelewa kuharibika kwa wagonjwa wa Alzheimer, maradhi yanayopoteza kumbukumbu.

Ugumu uko kwenye elektrodi. Tangu daktari Mjerumani Hans Berger arekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924, umeme unaopimwa juu ya ngozi umekuwa hafifu mno, hata kutafuna au kupepesa macho huuvuruga. Programu basi haisomi kumbukumbu: hujifunza mawimbi ya mtu anaposikia nyimbo alizoziteua mwenyewe, kisha hutafuta nyimbo nyingine zinazoamsha mawimbi yanayofanana na hayo. Mgonjwa asipoweza tena kuteua, programu hukosa mwalimu.

Mtunza Wazee: Mwalimu huyo ni wewe, ndugu yangu, pamoja na jamaa za mama. Wazee wengi hukumbuka zaidi yaliyowapata kati ya miaka 10 na 30, kwa hiyo anzeni na nyimbo za redioni na za harusini za miaka hiyo, mumtazame uso na mikono, na mwandike kila unaomgusa. Usimlazimishie unaomnyamazisha, pengine aliusikia wakati wa msiba.

Raia Makini: Naomba pia tusisahau haki yake. Chile ilirekebisha katiba mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliiamuru Emotiv, kampuni inayouza vifaa vya kupima mawimbi ya ubongo, ifute data za ubongo za aliyekuwa seneta, Guido Girardi. Kabla ya kumvalisha mama kifaa chochote, ulizeni data zitahifadhiwa wapi na nani atatoa idhini kwa niaba yake.

Mwana wa Ng'ambo: Nawashukuru sana. Orodha nitaianza na dada zake walioko Muscat, ambao walikuwa wakienda naye harusini. Suala la kifaa tutalijadili kama familia, yeye mwenyewe akiwepo.