Naombeni ushauri: hiki kitabu changu cha D&D ni toleo la ngapi?

kete_ishirini: Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa hapa chuoni Leeds wamenialika kucheza D&D, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete, wakasema njoo na Player's Handbook (kitabu cha kanuni cha mchezaji) ya "five e", yaani toleo la tano, sio "five point five". Nimeokota moja ya mtumba bei ya kutupa, jalada limechorwa kama kitabu cha kale cha ngozi, namba sioni. Nisije kwenda nacho nikachekwa, nyie mnatambuaje?

Babu wa Dungeon: Hiyo sio five hata kidogo mkuu. Jalada la hivyo ni toleo la tatu. Hebu angalia vizuri mbele, kama kuna kimaandishi v.3.5 hiyo ni ya 2003, kama hakuna ni ya 2000.

MamaJoka: Wenye mchezo ndo wametuvuruga, ya 2014 jaladani haina 5, ya 2024 nayo haina, wao walisema ni five ileile imerekebishwa, wachezaji wakagoma wakaibatiza 5.5 kwa kufuata ile 3.5 ya zamani. Mimi mezani nasema "ya 14" na "ya 24", basi. Ya 14 ina jitu la moto jaladani na kurasa 320, ya 24 ina joka la dhahabu, kurasa 384. Na ndani, kwenye ya 24 nyongeza za sifa za mhusika zinatoka kwenye bekigraundi yake, ya 14 zinatoka kwenye aina ya kiumbe alicho, kama elf au dwarf.

Babu wa Dungeon: Ukipewa PDF haina jalada kimbilia Armor Class, yaani namba ya kinga ya mhusika. Namba ndogo ndo nzuri na THAC0 (namba ya kukokotoa kama shambulizi limempata adui) imejaa kila mahali? Hiyo AD&D (Advanced) ya pili, 1989. Ukiona nguvu za at-will (muda wowote), encounter (mara moja kwa pambano) na daily (mara moja kwa siku) ni four ya 2008. Advantage, yaani unarusha d20 (kete ya pande ishirini) mbili unachukua kubwa, hiyo five.

kete_ishirini: Aisee v.3.5 ipo kweli! Sasa ninunue nyingine?

MamaJoka: Usinunue kwanza mdogo wangu. Pakua SRD 5.1, hati ya kanuni ya wenye mchezo, ni bure, ina kanuni za msingi za 2014 japo si matawi (subclass) yote ya madaraja (class) ya wahusika yamo. Ila soma namba vizuri maana 5.2 ni ya kanuni za 2024, na 5.5 ya SRD haipo, usiulize kwa nini 😂